Dabo Tu, Tripo Ziro: Redio ya Ndege Ilivyonitoa Jasho

Nilikaa miaka minne kwenye kibanda cha M-Pesa katika soko la Kibuye, Kisumu, kabla sijakanyaga darasa la urubani. Ukikaa pale muda wote huo, sikio linazoea namba za kisoko: "ziro seven dabo tu, tripo faif, nainti wan." Mteja anataja huku anamkemea mtoto, lori la mahindi linapiga honi nyuma yake, nawe unabonyeza bila hata kutazama simu. Siku moja mama wa omena alinitajia namba yenye "dabo tri" katikati. Honi ikameza "dabo". Nikaandika tatu moja, tarakimu zikapungua, nikadhani ni ile ya mwisho ndiyo sikuisikia. Nikamuuliza, akarudia ya mwisho, nikaiandika tena. Shilingi 3,500 zikaenda kwa mtu ambaye sikuwahi kumjua zaidi ya jina lililokuja kwenye ujumbe. Nililipa kutoka kwenye mshahara wangu.

Miaka michache baadaye nikafeli mtihani wa redio ya ndege kwa neno hilohilo, "dabo". Naandika haya kwa ajili ya vijana wa huku kwetu, Kisumu, Kakamega, Nakuru, wanaochangisha pesa kwenda kusomea urubani wakidhani kitakachowashinda ni hesabu au somo la hali ya hewa. Mimi hesabu nilipita. Kilichonikwamisha ni kutaja namba kwa mdomo.

Pesa zenyewe zilipatikana hivi: mjomba aliuza ploti yake ya Mamboleo, chama cha mama kikanikopesha 60,000, kibanda nikamwachia dada yangu mdogo. Shule niliyosoma iko Nairobi, na saa moja ya kuruka na mwalimu nilikuwa nalipa shilingi 18,000. Piga hesabu: ni 300 kwa dakika. Ukiwa juu umetumbua macho dakika tano nzima, hujui useme nini redioni, 1,500 zimeshateketea na hujajifunza kitu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla ya mengine yote: mambo ya redio yamalize chini, ambako dakika ni bure.

Nikueleze kwanza namba hizi zinakaa wapi, maana hakuna aliyenieleza kwa lugha ya kueleweka. Redio ya matatu ya kwenda Kondele inaishia 108. Hapo FM inapokoma ndipo ndege zinapoanzia. Kuanzia 108 hadi karibu na 118 kuna vinara vya kuongoza ndege, mitambo ambayo kazi yake ni kumwonyesha rubani mwelekeo. Kuanzia 118.000 hadi 136.975, megahezi, ndiko watu wanakozungumza: mnara, waongozaji wa njia kuu za anga, rubani kwa rubani. Uwanja wa vijijini na uwanja mkubwa wa kimataifa wote wanagawana ukanda huo mmoja mwembamba.

Halafu kuna jambo lililonishangaza: sauti hizi zinarushwa kwa AM, ule mtindo wa zamani wa redio ya babu yenye mikwaruzo, ilhali hata kituo kidogo cha muziki kiko FM. Nilidhani ni umaskini wa mitambo. Kumbe kuna sababu. Kwenye FM watu wawili wakizungumza kwa pamoja, mwenye nguvu anammeza mnyonge kabisa, na msikilizaji hajui kwamba kuna mwingine aliyekuwa anaita. Kwenye AM unasikia mlio wa kukwaruza, na angalau unajua kuna watu wawili wamegongana. Lakini mlio huo nao una hatari yake. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, ndege ya KLM na ya Pan Am zilikuwa kwenye ranwei moja, ukungu umefunga. Mnara ulipomwambia KLM asubiri, Pan Am naye akasema bado yuko ranwei, na sauti mbili zilipandana. Ndani ya KLM kilichosikika ni mlio tu, wakaendelea kukimbia ili waruke, ndege zikagongana. Walikufa watu 583. Kulikuwa na sababu nyingine kadhaa za ajali ile, ila tangu siku tuliyofundishwa habari hiyo mimi sibonyezi kitufe cha kusema kabla sijasikiliza sekunde tatu nne. Wale wanaohamia masafa mapya na kuanza kuongea papo hapo huwa wananikera sana. Ni kama mtu anayeingia nyumba ya watu na kuanza kusimulia mlangoni.

Sasa kuhusu namba zenyewe. Vituo vimepangwa kwa nafasi, kama vibanda vya Kibuye. Ikiwa nafasi ni kilohezi 25, baada ya 118.000 linafuata 118.025, kisha 118.050, kisha 118.075, kisha 118.100. Angalia tarakimu mbili za mwisho: ni 00, 25, 50 au 75, basi. Hakuna nyingine. Hiki ndicho kipimo nilichotamani mtu anipe siku ya kwanza. Ukiandika namba ya mpango huo ikaishia na 30 au 85, usijisumbue kuizungusha redioni. Umesikia vibaya, uliza tena.

Ila kitabu cha darasani kilikuwa cha Uingereza, na humo nikakutana na 118.005. Nikajua ni kosa la chapa. Nikakutana na 118.010, na 118.015. Nikamwendea mwalimu wa darasani, mzee mmoja mpole aliyestaafu kazi ya uongozaji ndege, nikamwambia, "Mwalimu, hiki kitabu kina makosa." Akacheka hadi akavua miwani.

Ulaya anga limejaa. Nafasi za kilohezi 25 hazikuwatosha, wakakata kila moja vipande vitatu, kila kipande kilohezi 8.33. Walianza mwaka 1999 kwa ndege za juu sana, baadaye wakashuka nayo hadi kwa ndege ndogo. Sasa, kipande cha pili baada ya 118.000 kwa ukweli wa mawimbi ni 118.00833 na tarakimu zinazoendelea bila mwisho. Nani ataisema hiyo redioni? Wakakipa jina: 118.010. Kinachofuata, ambacho kwa mawimbi ni 118.01667, kikaitwa 118.015. Na 118.005 je? Hapo ndipo nilipokuwa nimejikaanga. Mimi nilijibu kwenye zoezi kwamba 118.005 iko kilohezi tano juu ya 118.000. Hapana. Wimbi ni lilelile, 118.000 kamili. Ile tano ya mwisho inaiambia redio tu kwamba hapa tunatumia kipande chembamba na siyo kile kipana.

"Binti," mzee akaniambia, "hiyo namba usiipime kama unga. Ni jina la mlango."

Nililiandika hilo kwenye jalada la daftari, na ndilo lililonifungua macho. Mpaka siku hiyo nilikuwa nasikia masafa kama kiasi cha pesa. Kiasi unaweza kukikadiria; elfu moja na mia moja tisini na kitu, mtu ameelewa. Jina hulikadirii. Ukimwita Otieno wakati unamtaka Odhiambo, haijalishi kwamba yote yanaanza na herufi moja, atakayegeuka ni mwingine. Kwa hiyo huko kwenye vipande vya Ulaya utaona majina yanayoishia na 05, 10, 15, 30, 35, 40 na kuendelea, lakini hutakuta kamwe linaloishia na 20, 45, 70 wala 95. Milango hiyo haikupewa majina.

Sasa jinsi ya kuyatamka. Kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, ni nyepesi kuliko zinavyotisha. Tarakimu moja moja, zote sita, na katikati neno "desimali", wao wanalitamka karibu na "dei-si-mal". Kwa hiyo 118.025 ni wan, wan, eit, desimali, ziro, tu, faif. Lakini zikiwa mbili za mwisho zote ni sifuri, unaziacha: 118.100 inakuwa wan, wan, eit, desimali, wan. Masafa ya dharura ya dunia nzima, 121.500, ni wan, tu, wan, desimali, faif. Tahadhari na 118.050: sifuri ni moja tu mwishoni, hivyo unaitaja yote, ziro, faif, ziro.

Kilichonichanganya ni kwamba marubani wa zamani hawatamki sita. Kanuni hizohizo zinaruhusu tarakimu tano mahali ambapo vituo vyote vimepishana kwa kilohezi 25 au zaidi, maana ya sita unaweza kuibashiri. Ukisikia "ziro, tu", yaani sifuri na mbili, mwisho wake lazima uwe tano. Hakuna 020 katika mpango huo. Ukisikia "seven, seven", hakuna namba kama hiyo, umesikia vibaya. Uliza. Kwa hiyo mtu akisema "wan wan eit desimali ziro seven" anamaanisha 118.075, na redio nyingi kuukuu zinaonyesha hivyohivyo, 118.07, kwa sababu dirisha lake lina nafasi ya tarakimu tano tu. Mimi niliona 07 kwenye dirisha nikaamini ni 070. Wiki mbili nilibishana na wenzangu kuhusu hiyo sifuri.

Wamarekani wao husema "pointi" badala ya "desimali". Kama umejifunzia kwenye video za mtandaoni, kama nilivyofanya mimi usiku nikiwa sina pesa ya kuruka, neno hilo litakutoka siku ya mtihani bila kukuuliza.

Na lilinitoka. Mtihani wa mdomo ulikuwa Jumanne asubuhi. Mtahini, mama mmoja mwenye sauti ya kituo cha taifa, alikaa upande wa pili wa pazia ili tusionane, kila mmoja na hedifoni yake. Alinipa maelekezo ya safari ya kubuni, na mahali fulani akaniambia nihamie 133.300. Nilipaswa kurudia: wan, tri, tri, desimali, tri. Nilichorudia, na nakikumbuka kama jina langu, ni "wan dabo thri pointi thri."

Kimya. Akaniambia nirudie. Nikarudia vilevile, kwa kujiamini zaidi.

Makosa mawili ndani ya pumzi moja. "Pointi" pengine angenisamehe. "Dabo" hapana, na alinieleza baadaye nje ya chumba, kwa upole ambao sikuutarajia: redio ikikwaruza na neno "dabo" likapotea, aliyebaki upande wa pili amesikia namba fupi isiyo na dosari yoyote. Hajui kwamba kuna kilichopotea. Nikamkumbuka mama wa omena. Nilisimama pale kwenye korido nikiona aibu ya miaka yote ile minne.

Kosa la tatu sikulitegemea hata kidogo. Sisi Wajaluo sauti ya "th" tunayo tele, tumezaliwa nayo: thum, nyathi. Kinachotushinda ni "sh", na watu wametutania kwa hilo hadi tumechoka. Kwa hiyo tatu ya Kiingereza niliitamka kwa ufasaha wa mtangazaji wa London, ulimi katikati ya meno, nikijivunia. Mtahini akaweka alama ya kukosa. Redioni tatu ni "tri", kama mti wa Kiingereza. "Th" ni pumzi tu, haipenyi kwenye mikwaruzo, na nusu ya dunia haiwezi kuitamka. Vivyo hivyo nne inavutwa, "fawa". Tano inafungwa na f, "faif". Tisa inaongezewa mkia, "naina", isije ikasikika kama tano. Hazikutungwa kwa ajili ya Mwingereza. Zimetungwa ili Mjapani, Mbrazili na mtu wa Ahero wasikilizane. Kwa mara ya kwanza maishani niliambiwa nipunguze Kiingereza.

Kufeli kulinigharimu ada ya kurudia mtihani, nauli ya kurudi Kisumu na kuja tena, na wiki tano za kusubiri nafasi nyingine. Kilichoniuma zaidi ni kumpigia mjomba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nyar wa," yaani binti yetu, "redio? Si hata mimi nina redio hapa nyumbani." Nilicheka huku nalia.

Wiki hizo tano nilizitumia barabarani. Nilikaa kwenye kibanda na dada yangu, na kila gari lililopita nikasoma pleti yake kwa sauti ya chini: kilo, delta, bravo, tri, siks, naina. Herufi za anga na tarakimu za anga, bure, mchana kutwa. Ukitaka mazoezi usinunue kitu. Simama Kondele saa kumi na moja jioni, foleni itakupa pleti mia mbili. Namba za simu za wateja nazo nilizisoma tarakimu moja moja. Wengine walidhani nimerukwa na akili. Lakini siku ya mtihani wa pili ulimi ulikuwa umeshapinda, nilipita bila kufikiri.

Unaweza kudhani hadithi inaishia hapo. Cheti cha redio kinakuonyesha unaweza kusema. Bado kuna vidole.

Safari yangu ya kwanza ndefu kutoka Nairobi hadi Kisumu nilikuwa na mwalimu wa kuruka kiti cha kulia, kapteni kijana mwenye mazoea ya kukaa kimya hadi ujinyonge mwenyewe. Ndege ni Cessna 172 iliyozeeka kwa heshima. Redio yake ina madirisha mawili: kushoto masafa unayotumia, kulia unayoyaandaa, na kati yake kitufe cha kuyabadilishana. Chini kuna vinobu viwili, kimoja ndani ya kingine. Kikubwa kinazungusha namba nzima. Kidogo kinazungusha zile za baada ya desimali, lakini kina siri: kikiwa kimesukumwa ndani kinaruka kwa 50, ukikivuta nje kidogo, kama sentimita nusu, kinaruka kwa 25. Mtu alinionyesha mara moja, nikaitikia, nikasahau.

Tulipita Naivasha, tukaona ziwa la Nakuru na bakuli la Menengai upande wa kulia, tukawa tunaukabili Mau kwa futi 10,500. Mawingu meupe yamekaa juu ya msitu. Hapo mwongozaji wa Nairobi akaniambia nihamie masafa mengine. Siyataji, kwa sababu masafa hubadilishwa na nisingependa mtu ayachukue kwenye simulizi badala ya chati yake ya sasa; tuseme yaliishia na 975. Nilirudia vizuri kabisa, kila tarakimu, hata kapteni alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Nikazungusha kinobu kidogo. 90. 95. 00. Nikarudi nyuma. 95. 90. Ile 97 haipo. Nikazungusha tena, jasho linanitiririka mgongoni ingawa juu kule ni baridi. 95, 00. Na ndege nayo imeanza kuinamisha bawa la kushoto kwa sababu macho yangu yako redioni badala ya mbele. Kapteni akaugusa usukani kwa kidole kimoja, bawa likanyooka, hakusema neno.

Nikaiacha kwenye 95. Nilijiambia, haiko mbali. Kilohezi 25 ni nini? Nikabonyeza kitufe, nikasikiliza sekunde zangu nne kama mtoto mwenye adabu, nikaita. Kimya. Nikaita tena. Kimya kile si cha kawaida. Hata mikwaruzo haipo, ni kama umezungumza ndani ya gunia. Chini yetu mashamba ya chai ya Kericho yalianza, yale ya kijani kilichonyooka kama yamekatwa kwa wembe, na mimi nikawa nafikiri redio imekufa, nafikiri kuweka 7600 kwenye transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada), ile namba ya kuwaambia walio chini kwamba redio imeharibika. Nikanyoosha mkono kabisa.

"Mara ya mwisho ulikuwa unaongea na nani?" kapteni akauliza, akitazama chai.

"Na yule wa Nairobi."

"Basi rudi kwake. Hajahama."

Kitufe kimoja tu. Masafa ya zamani yalikuwa yamekaa pale kwenye dirisha la kulia yakinisubiri, kwa sababu ukibadilisha, yaliyotoka hayapotei. Nikabonyeza, nikasikia sauti za watu, na sijawahi kufurahia sauti za wanaume wasionijua kiasi kile. Nikamwambia mwongozaji sikupata jibu, nikatumia maneno mawili niliyokuwa nimeyaogopa miezi yote ya mafunzo: "Say again." Kwetu kumwambia mkubwa arudie ni kama kumwambia hukumsikiliza. Redioni ni heshima. Alirudia polepole, tarakimu kwa tarakimu, hakuna hata chembe ya dharau. Safari hii niliandika kwenye karatasi iliyofungwa gotini kabla ya kugusa chochote. Kapteni akanyoosha mkono, akakivuta kinobu kidogo nje. Tik. 97.

Aliniambia mambo mawili baada ya hapo. La kwanza, ile 95 niliyoitia mara mbili si nafasi tupu. Inawezekana kabisa kwamba mahali fulani kuna mtu anaitumia na nilikuwa nimempandia sauti. La pili, hata namba ingekuwa sahihi, bado ningeweza kukosa jibu. Mawimbi haya husafiri mstari ulionyooka, hayapindi mlima. Kwa futi elfu kumi juu ya tambarare unafika kama maili 120 za baharini, lakini ukishuka mapema nyuma ya ukuta wa Mau, au ukiwa chini kwenye bonde, mlima unakukatia. Wanafunzi wengi huanza kuchezea vinobu wakati dawa ni kupanda kidogo au kungoja dakika mbili.

Kwa hiyo mpangilio wangu siku hizi, nikipewa masafa mapya, ni huu, na haujawahi kuniangusha: kalamu kwanza, kurudia kwa sauti pili, kuzungusha tatu, kusoma dirisha kwa sauti ya moyoni nne, ndipo kitufe. Kukiwa na kimya naangalia sauti isije ikawa imepunguzwa na waya wa hedifoni usije ukawa umechomoka, kisha narudi kwa yule wa mwisho. Asipojibu naye, kuna masafa mengine kwenye chati, na kuna 121.5 ambayo wengi wanaisikiliza. 7600 ni ya mwisho kabisa. Na ukishaachilia kitufe cha kusema, hakikisha kimeruka juu. Kikikwama ndani umewafungia watu wote mdomo, na wewe ndiye pekee usiyejua.

Kisumu tulitua ranwei 06, tukitokea upande wa ziwa. Hata hiyo 06 ni jina la namna yake: ni kama digrii 60 za dira, sifuri ya mwisho imekatwa, na unaitaja "ziro siks", kamwe usiseme "siksi" peke yake. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imetawanyika chini kama maganda ya njugu. Mnara ulipotupa ruhusa ya kutua nilirudia neno kwa neno, na sauti yangu mwenyewe kwenye hedifoni ilisikika kama ya mtu mwingine, mtulivu kidogo.

Jioni tulikula samaki kule ufukwe wa Dunga, kapteni akalipa. Nililala kwa mama, nikampa ripoti mjomba kwa simu, deni la chama bado limebaki 22,000 na saa za kuruka nilizobakisha ni nyingi kuliko pesa nilizo nazo. Asubuhi kabla ya kurudi uwanjani nilipitia Kibuye kumwona dada yangu kibandani. Nikamkuta anamsomea mteja namba ili aithibitishe: "ziro seven dabo wan, tripo ziro..."

Nikamvuta pembeni, nikamwambia habari yote, mama wa omena, pazia, Kericho. Nikamwomba asome moja moja. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama nimeiona hiyo foleni.